Ukiharibikiwa na gari Mombasa, mtafute aliyekaa

Kila gari linapozima barabarani hapa Mombasa, lalamiko huwa ni lilelile: watu siku hizi hawana utu. Wazee watakwambia kwamba zamani ukiharibikiwa njiani, hujafungua hata boneti, watu walikuwa washakuzunguka. Sasa magari yanakupita kwa mamia na kila dereva amekaza macho mbele kama aliyekatazwa kugeuza shingo. Lalamiko hili lina ukweli wake, ila linamhukumu mtu asiyehusika. Tunamlaumu anayepita, ilhali msaada wa njiani katika mji huu umekuwa siku zote mikononi mwa aliyekaa kando ya barabara.

Tazama barabara ya kuingia kisiwani kutoka Changamwe. Gari likizima karibu na mzunguko wa Changamwe, mwenye gari mwenzako hatakuwa wa kwanza kukufikia. Atakuja kijana wa pancha mwenye kibanda chake hapo kando, watakuja boda boda wawili watatu waliokuwa wakingoja abiria, na mwenye mkokoteni wa maji atauegesha aje kutazama. Mmoja atauliza, “Imechemka?” na kabla hujajibu mwengine keshashika boneti. Maji ya rejeta yatatoka kwenye dumu la mama wa chai, na mama huyo ndiye atakayewakataza vijana wasifungue kifuniko mpaka kipoe, maana ameshaona mtu akiungua uso. Sasa songa mbele mpaka juu ya daraja la Makupa, lile lililofunguliwa 2022 badala ya tuta la zamani. Huku maji, huku maji, na katikati malori yanakwenda na kurudi bandarini. Ukizima hapo, utakaa sana. Madereva wanaokupita ni walewale waliopita Changamwe dakika chache nyuma, wenye dini zilezile na malezi yaleyale. Hakuna aliyedondosha utu wake njiani. Kilichokosekana ni mtu wa kusaidia ambaye tayari alikuwa amekaa hapo.

Hali hiyo imezidi kwenye barabara mpya ya Dongo Kundu, inayotoka Miritini hadi upande wa kusini bila kugusa feri. Barabara yenyewe ni nzuri, na mtu wa Ukunda anayewahi ndege uwanja wa Moi hana tena haja ya kulala kwenye foleni ya Likoni. Lakini daraja la Mteza peke yake lina urefu wa zaidi ya kilomita 1, na juu ya daraja hapana anayechoma mahindi. Wahandisi walitupa kasi, tukaishukuru. Kasi hiyo imekuja na ukingo mtupu, na kwenye ukingo mtupu aliyekwama ana simu yake tu, ikiwa ina chaji.

Suala la haraka lilipimwa kitaalamu zamani, mbali na hapa. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo cha kuandaa wachungaji huko Princeton. Kila mwanafunzi alitumwa jengo jingine kutoa hotuba fupi, na baadhi yao walipewa kuzungumzia yule Msamaria Mwema wa Injili ya Luka, aliyemsaidia majeruhi asiyemjua njiani. Njiani alikuwa amewekwa mtu aliyejikunyata mlangoni, anakohoa na kugumia. Kati ya wanafunzi walioambiwa wana nafasi ya kutosha, asilimia 63 walimsaidia. Kati ya walioambiwa wameshachelewa, asilimia 10 tu. Kwamba mtu anakwenda kuhubiri habari za Msamaria hakukuleta tofauti ya maana. Wako waliomruka mgonjwa ili wawahi kusema juu ya huruma. Wanafunzi walikuwa 40 tu, na mtu asilifanye jaribio hilo kuwa aya. Hata hivyo dereva wa matatu ya Mtwapa mwenye hesabu ya tajiri ya kutimiza kabla ya magharibi hahitaji profesa wa kumweleza. Anayapita magari mabovu kila siku na anajua sababu.

Kuna mahali ambapo haraka hiyohiyo hugeuka ikawa msaada. Gari likigoma kuwaka ndani ya feri ya Likoni halichukui muda. Feri haiwezi kupakia tena mpaka gari lile litoke, na kila aliye nyuma anataka kufika. Utasukumwa mpaka juu ya mteremko na watu ambao hawakukuuliza jina, mwengine kashika ndoo yake ya samaki mkono mmoja. Daraja la Nyali nalo, tangu lifunguliwe 1980, ndiyo njia kuu ya watu wa Kisauni, Bamburi na Shanzu. Gari moja likizima pale saa kumi na mbili jioni, foleni inarudi hadi Buxton na kupita. Hapo utawaona makanga wakishuka kwenye matatu zao kukusukuma huku wanakutukana wewe na gari lako. Kwangu huo ni msaada. Anayengoja kusukumwa na watu wenye nia safi peke yake atalala darajani.

Hofu nayo ipo, na haikuzuka bure. Kisauni na Likoni zimeteswa na vikundi vya vijana wenye mapanga, na mtu aliyesikia habari hizo hasimami usiku penye giza kwa sababu tu ameona taa za hatari zikimweka. Wenye malori ya masafa wanajua zaidi: gari linalojifanya bovu ni mtego wa zamani kwenye barabara kuu ya kwenda Nairobi. Mjini kuna hila ndogondogo za kijana nadhifu pale steji anayedai ameibiwa kila kitu na anataka nauli ya kurudi Voi tu, kisha wiki ijayo yuko palepale, bado hajafika Voi. Aliyekwama naye ana hofu yake, ambayo watu huisahau. Msafiri masikini ajapokuwa sultani, walisema wahenga, na umasikini wa kwanza wa aliyekwama ni kutomjua yeyote. Anayemjia na spana mkononi huenda ni fundi, huenda ni mwizi wa betri.

Kibanda kinatibu hofu zote mbili kwa pamoja, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoona vibanda vya kando kuwa uchafu wa mji. Mwenye kibanda anajulikana alipo. Kesho yupo, keshokutwa yupo, mkewe anajulikana, deni lake la duka la jumla linajulikana. Hawezi kukuibia betri kisha akaendelea kuuza chai palepale. Naye hakuogopi wewe, kwa kuwa yuko kwa wenzake. Ukigeuka kuwa jambazi, ni wewe mmoja kati ya watu ishirini. Dereva anayepita hana kinga hiyo. Akisimama, ni yeye na wewe, na giza.

Mwanamke aliyeharibikiwa usiku analijua hili kuliko yeyote. Fikiria gari limezima kati ya Bamburi na Mtwapa saa tatu usiku na ndani yuko dada peke yake. Akisimama mwanamume, hata awe na nia njema namna gani, dada atafunga milango na kuzungumza naye kupitia ufa wa kioo. Mbele kidogo kuna mama anayekaanga viazi karai na mihogo. Mama atavuka, atagonga kioo, atasema, “Mwanangu, njoo ukae kwangu hapa, nishamwita fundi.” Na dada atashuka. Fundi atafanya kazi yake huku mama akimwangalia na kumkumbusha bei ya haki. Ulinzi huo haumo kwenye bajeti ya serikali yoyote, wala huyo mama haulipishi.

Halafu kuna mgeni ambaye Mombasa inamtengeneza kila siku bila kumfikiria: dereva wa lori la masafa na utingo wake. Bandari hii inapakia mizigo ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo, na mingi bado inapita kwa lori hata baada ya treni ya SGR kuanza 2017. Lori likikatika ekseli Miritini au kwenye vilima vya Mazeras, halitengenezwi kwa saa moja. Spea itangojwa siku mbili, siku nne. Utingo atatandika chini ya trela, alinde mzigo ambao akiuacha kidogo atalipa maisha yake yote. Atakula wapi? Atakula kwa mama wa kibanda, kwa deni, na namba ya gari ni ya Kampala. Ukimuuliza mama kwa nini anamkopesha mtu ambaye kesho atakuwa nchi nyingine, atakujibu kwamba lori litarudi, barabara ni hii moja. Hesabu hiyo ni kali kuliko ya benki. Mgeni wa barabara kuu hapotei, anapita tena. Kwa mama yule, mgeni ni jirani anayekuja mara moja kwa mwezi.

Wapo watakaosema kwamba huu si wema, ni biashara. Vijana wakikusukuma huomba ya chai. Wa pancha akikuazima jeki, hutarajia kitu. Kweli. Nami nasema afadhali ya chai inayojulikana kuliko wema usiokuja. Shilingi mia mbili wanazogawana vijana wanne zinawafanya wainuke tena kesho kwa mgeni mwengine, na aliyesaidiwa anaondoka bila kujiona ombaomba. Pa kuchukia ni pengine. Ni pale gari la kuvuta magari linapokuja bila kuitwa, linafunga mnyororo kabla ya salamu, na bei inatajwa baada ya gari kuning'inia. Huo ni utekaji. Bei za kuvuta gari zingeandikwa ubavuni mwa gari lenyewe, zikasomwa kabla ya mnyororo kufungwa, nusu ya ugomvi wa barabarani ingekwisha.

Waliotutangulia, nadhani, walilielewa jambo hili vizuri kuliko sisi tunaohubiri utu. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba watu wake ni wacha Mungu na waaminifu, na akaeleza namna maji yalivyowekwa misikitini pamoja na kata ya kutekea, mtu anawe miguu kabla ya kuingia. Mgeni hakulazimika kumtafuta mwenye huruma amwombe maji. Maji yalikuwapo. Mpaka leo Mji wa Kale una birika na mitungi ya sabili, maji ya bure kwa mpita njia, nje ya nyumba na misikiti, imewekwa na watu ambao pengine washakufa. Zaka nayo imetajiwa mafungu manane ya wanaostahiki katika sura ya At-Tawba, na mmojawapo ni msafiri aliyekatikiwa njiani, hata kama kwao ni tajiri. Fungu lake limetengwa kabla hajakwama. Huruma ya papo hapo haikutegemewa, kwa sababu huruma ya papo hapo huchelewa, huchoka, na huchagua sura za watu.

Nimezungumzia gari bovu kwa urefu kwa sababu ndiyo hali ya kila siku. Ajali ni jambo jengine, na hapo aliyekaa peke yake hatoshi. Kenya inapoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka barabarani. Anayefika kwanza karibu kila mara ni mwananchi wa kawaida: boda boda, muuza madafu, abiria wa matatu iliyofuata nyuma. Ni kweli kwamba baadhi ya wanaofika kwanza huja na mitungi badala ya machela. Tuliona Sachangwan mwishoni mwa Januari 2009, lori la mafuta lilipopinduka, watu wakakimbilia petroli na zaidi ya 100 wakafa motoni. Morogoro, kwa jirani zetu, ikawa hivyohivyo Agosti 2019. Lakini hata anayekuja kwa nia ya kuokoa hukutana na ukuta baada ya kumwinua majeruhi. Ukuta huo una milango miwili, hospitali na polisi.

Hospitalini, mtu aliyemleta majeruhi asiyemjua huogopa kuulizwa nani atalipa. Sheria iko upande wake. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza meno: hospitali yenye uwezo ikikataa kutibu dharura inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3. Sheria ya bima ya afya ya jamii ya 2023 nayo ilianzisha mfuko wa kugharimia dharura. Maneno yapo ya kutosha. Bado nchi haijasahau jinsi Oktoba 2015 huko Nairobi mtu aliyegongwa na gari lililokimbia alivyokaa saa 18 ndani ya ambulensi akitafutiwa kitanda, na akafa. Boda boda wa Magongo anaikumbuka habari hiyo kuliko kifungu cha 43, na ana haki ya kuikumbuka. Tena kifungu chenyewe kinamtaja mgonjwa, hakimtaji aliyembeba.

Mlango wa pili ni kituo cha polisi. Sheria ya Trafiki inamtaka dereva aliyehusika kwenye ajali asimame na kuripoti ndani ya saa 24. Aliyesimama kusaidia tu anaogopa kuchanganywa na aliyegonga: gari lake lizuiwe, aandikishe taarifa, aitwe mahakamani mara tano kwa kesi inayoahirishwa mara tano. Mtu anayeishi kwa kibarua cha siku hawezi kumudu kuwa shahidi. Ndipo unamwona mtu mwema, kweli mwema, akimweka majeruhi mlangoni mwa hospitali na kutoweka kama mhalifu.

Nchi nyingine zimejaribu njia mbili. Ujerumani inamwadhibu asiyesaidia, hadi kifungo cha mwaka 1. Ufaransa ni kali zaidi, hadi miaka 5. India ilishika njia nyingine. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu yake iliipa nguvu miongozo ya kumlinda msaidizi, na 2019 bunge likaingiza ulinzi huo kwenye sheria ya magari: anayemsaidia majeruhi kwa nia njema hashitakiwi kwa hilo, halazimishwi kutaja jina lake, wala hospitali haina ruhusa ya kumzuia. Kwa mji wetu mimi naichagua ya India bila kusita. Ukimtishia mtu wa Mombasa kwamba asiposaidia atafungwa, atageuza njia mapema asionekane kabisa. Mwondolee gharama ya kusaidia, na utaona watu ambao ulidhani wamekwisha. Tangazo kubwa la Kiswahili kwenye mlango wa dharura, kwamba aliyeleta majeruhi haulizwi pesa na anaweza kwenda zake, lingefanya kazi kuliko semina kumi za uzalendo.

Narudi kwa aliyekaa, kwa maana kuna hoja nzito dhidi yangu ambayo siwezi kuikwepa. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani huko Kericho, lori lilipoteza mwelekeo likawaparamia wachuuzi na watu waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Wanaotaka vibanda viondolewe kwenye hifadhi ya barabara wana jibu hilo mkononi, na si jibu la mzaha. Mama wa viazi karai niliyemsifu hapo juu amekaa mahali ambapo breki za mtu mwengine zinaweza kumuua.

Ila kinachofuata baada ya ilani za kuhama ni kwamba trekta linabomoa, wachuuzi wanatawanyika, na mahali pao pakabaki patupu mpaka warudi usiku, karibu zaidi na lami kuliko mwanzo. Suluhisho ni kuwarudisha nyuma badala ya kuwafuta. Kila kilomita chache iwepo sehemu pana ya kuegesha, nje kabisa ya njia, yenye ukingo wa zege, taa, bomba la maji, choo, na vibanda vilivyosajiliwa: wa pancha, wa chai, fundi wa umeme wa magari. Mbele yake kibao cha umbali, ili anayeona sindano ya joto inapanda ajue abakize pumzi kiasi gani. Kwenye madaraja marefu ambako haiwezekani, basi doria ya pikipiki yenye kamba, maji na zile pembetatu za kuakisi mwanga, ili tuache kutumia matawi na mawe. Hayo mawe nayo yana hesabu yake: dereva wa lori hutengeneza gari, huondoka, na mawe aliyoyapanga yakabaki katikati ya njia yakimngoja mwenye boda boda asiye na taa.

Barabara ya Mombasa, Mtwapa hadi Kilifi inapanuliwa hivi sasa, na wengi waliokuwa kando yake wameshasogea. Michoro ya njia za magari ipo, ya mitaro ipo, ya vivuko vya miguu bila shaka ipo. Kaunti za Mombasa na Kilifi zina wawakilishi wa wadi wanaokula kwenye vibanda hivyohivyo. Waende wakaifungue michoro mezani kabla lami ya mwisho haijamwagwa, waulize mama wa mihogo amechorwa wapi, na kama hakuchorwa, ni nani atakayemfungulia mlango yule dada saa tatu usiku.